Mita Hiyo ni ya Nani?

(Hotuba hii ilitolewa na mzee mmoja wa Kamati yetu ya Maendeleo, fundi wa stima aliyestaafu, mbele ya mkutano wa vikundi vya akina mama, wenye ploti na wapangaji. Wengi waliohudhuria waliomba tuichapishe. Tumeiacha karibu kama alivyoisema.)



Katibu aliniambia, "Mzee, chukua dakika ishirini tu, watu wana njaa." Nitajaribu. Lakini kwanza nataka niwaulize swali. Ni nani hapa ana mita ya stima nyumbani kwake? Inueni mikono. Vizuri, ni wengi. Sasa, ni nani ambaye mita hiyo ni mali yake? Naona mikono ni ile ile. Basi hapo ndipo taabu yetu inapoanzia. Mita iliyo ukutani kwako, ndugu yangu, si yako. Umeilipia ada ya kuunganishwa, unanunua tokeni kila wiki, lakini si yako. Leo nataka tuelewane juu ya jambo hili moja: ni kitu gani ni chako, ni kitu gani si chako, na kikiharibika ni nani anayepaswa kukitengeneza.

Kwa nini nimekubali kusema

Sikuja hapa kwa sababu najua sana. Nimekuja kwa sababu nina deni.

Kuna mama mmoja katika mtaa wetu, mjane, anayefuga kuku na kuuza mayai. Yupo hapa, na amenipa ruhusa niseme bila kumtaja jina. Msimu mmoja wa mvua maji yaliingia ndani ya kisanduku cha mita yake. Usiku akasikia mlio, akaona moshi, stima ikapotea. Alikuwa na vifaranga chini ya taa ya joto. Asubuhi alikuja kwangu mbio. Mimi nilikuwa nimestaafu, na mguu huu ulikuwa unaniuma. Nikamwambia, "Mama, usijali. Nitakutumia kijana niliyemfundisha kazi."

Kijana akaenda. Akafungua kisanduku, akakata sili, akachukua waya unaotoka kwenye nguzo na kuufunga pamoja na waya unaoingia nyumbani. Mita akaiacha pale pale, imekufa. Taa zikawaka. Akadai shilingi 3,000, mama akalipa na kumshukuru. Yeye alijua mita imetengenezwa. Angejuaje vingine? Taa si zinawaka?

Baada ya miezi mitatu wakaguzi walipita. Mita haisomi, sili imekatwa, nyumba ina stima. Hiyo katika sheria inaitwa wizi. Akakatiwa, akatakiwa alipe stima aliyotumia pamoja na gharama ya mita. Tulipokwenda naye ofisini tuliulizwa swali moja tu: "Mita ilipoungua, uliripoti lini? Namba ya ripoti iko wapi?" Hatukuwa na namba. Hatukuwa na hata risiti ya zile elfu tatu. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia chini, kwa maana mimi ndiye niliyemtuma yule kijana. Kikundi chenu cha akina mama ndicho kilichomchangia akalipa polepole. Kwa hivyo deni langu ni kwenu pia, na nimeona afadhali nililipe kwa kusema.

Mpaka uko wapi?

Wacha nieleze kwa mfano wa shamba. Kila shamba lina mpaka. Upande huu ni wangu, upande ule ni wa jirani. Stima nayo ina mpaka, na alama ya mpaka huo ni mita.

Kila kitu kinachotoka barabarani hadi kwenye mita ni cha kampuni: transfoma, nguzo, waya unaoruka kutoka nguzo hadi nyumbani, na mita yenyewe pamoja na sili zake. Hapa Kenya kampuni inayotuletea stima nyumbani ni Kenya Power. Wazee mtakumbuka ilianza zamani, mwaka wa 1922, ikiitwa East African Power and Lighting, na mwaka wa 1983 ikaitwa Kenya Power and Lighting. Kuiweka mita ni kazi yao. Kuipima kama inasema kweli ni kazi yao. Kuibadilisha ikichoka au ikifa yenyewe ni kazi yao, nawe hupaswi kutozwa. Lakini kama umeiharibu wewe, umeivunja au umeichokora, gharama itakuwa juu yako, na huenda ukapelekwa kortini.

Kila kitu baada ya mita, kuingia ndani, ni cha mwenye nyumba: swichi kuu, fyuzi, waya za ukutani, soketi, taa, na ule waya unaokwenda ardhini. Kampuni haitakuja kukutengenezea soketi. Hiyo tafuta fundi mwenyewe, lakini fundi mwenye cheti na leseni. Leseni hizo hutolewa na EPRA, yaani ile mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya kawi na mafuta. Fundi wa kweli akimaliza kuvuta waya katika nyumba mpya hukuandikia cheti kwamba kazi imepimwa na ni salama. Bila cheti hicho usikubali kuletewa stima. Na akikataa kukuonyesha leseni yake, mpe chai, umwage kwaheri.

Je, kile kisanduku ambamo mita inakaa? Mara nyingi fundi wako ndiye hukiweka, kwa hivyo kukitunza ni juu yako: mlango ufunge, maji yasiingie, mchwa na nyigu wasijenge ndani. Kisanduku cha yule mama kilikuwa na tundu upande wa juu. Bati dogo tu lingezuia mambo yote niliyowaeleza.

Mwenye ploti na mpangaji

Hapa nitasema polepole, kwa sababu naona wenye ploti wameketi upande mmoja na wapangaji upande mwingine kama harusi ambayo haijakubaliana mahari.

Kuna ploti za namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo kila chumba kina mita yake ya kampuni. Mita hiyo mara nyingi imeandikwa kwa jina la mwenye ploti. Mpangaji anayeingia aulize mapema: je, mita hii ina deni? Maana mita ikiwa na deni, kwa mfano mkopo wa kuunganishwa uliobaki, kila unaponunua tokeni kiasi fulani hukatwa kulipa deni hilo. Mtu ananunua ya shilingi 500, anaona yuniti chache, analaumu mita. Kumbe analipa deni la mwingine.

Ya pili ni ploti yenye mita moja tu ya kampuni, halafu mwenye ploti amenunua vimita vidogo dukani na kumwekea kila mpangaji chake. Sikilizeni vizuri. Vimita hivyo si vya kampuni. Kampuni haivijui. Kimoja kikiharibika au kikisoma vibaya, aliyekiweka ndiye wa kukitengeneza. Mwenye ploti hawezi kumwambia mpangaji, "Nenda ukaripoti ofisini." Utaripoti kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vyao?

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo linamuumiza maskini. Katika mpango wa bei ulioanza Aprili 2023, mwenye nyumba anayetumia kwa wastani yuniti 30 au chini yake kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa. Kutoka 31 hadi 100 ni bei ya kati. Zaidi ya 100 ni bei ya juu. Wanaangalia wastani wa miezi mitatu iliyopita. Sasa chukua ploti ya vyumba 12, kila chumba kinatumia yuniti 15 tu, taa na simu na redio. Kila mmoja akiwa na mita yake ya kampuni, wote wako katika bei ya chini. Lakini kwa mita moja ni yuniti 180, na wote kumi na wawili wanalipa bei ya juu. Mama anayewasha taa moja analipa kama mwenye jumba la kifahari. Mwenye ploti, simaanishi kukuaibisha. Nasema tu kaa na wapangaji wako, mpige hesabu pamoja, muone kama haifai kuomba mita zaidi.

Na wale wanaomvutia jirani waya juu ya ua, ndugu zangu, acheni. Najua ni huruma. Lakini waya mwembamba umefungwa kwenye mti, mvua inanyesha, mtoto anapita na ndoo ya maji. Stima ya nyumbani ni volti 240. Hiyo inaua.

Je, mita inanidanganya?

Kila nikipita mtaani naulizwa hili. "Mzee, mita yangu inakimbia." Inawezekana. Lakini kabla hujaenda ofisini, fanya vipimo viwili ambavyo havihitaji kufungua kitu chochote.

Yuniti moja ni stima ya wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kuzima, hiyo ni yuniti moja. Balbu ya wati 10 itakaa saa 100 ndipo imalize yuniti hiyo. Kwa hivyo taa si adui. Adui ni kile kinachotoa joto: pasi, birika, koili ya kuchemshia maji.

Kipimo cha kwanza: zima kila kitu nyumbani, chomoa hata friji na televisheni. Angalia ile taa ndogo nyekundu ya mita. Isipopepesa, vizuri, hata kama inawaka tu bila kupepesa. Ikiendelea kupepesa, zima swichi kuu. Ikiacha kupepesa sasa, basi stima inavuja au inatumika mahali fulani ndani ya nyumba yako. Hiyo ni kazi ya fundi wako. Lakini kama swichi kuu imezimwa na taa bado inapepesa, basi kasoro iko kwenye mita, au kuna mtu amejiunganisha kati ya mita na swichi. Hapo usiguse. Iite kampuni.

Kipimo cha pili: juu ya mita kumeandikwa mpepeso ni mara ngapi kwa yuniti moja. Nyingi zimeandikwa 1000. Washa birika moja la umeme la wati 2,000, vingine vyote vimezimwa, uhesabu kwa dakika moja. Unapaswa kuona karibu mipepeso 33. Ukiona 31 au 35, mita yako ni mwaminifu. Ukiona 60, una haki ya kuomba ipimwe. Andika hesabu yako kwenye karatasi, uende nayo. Mtu mwenye hesabu husikilizwa kuliko mtu mwenye hasira.

Na kumbukeni, pesa unazolipa zote haziwi stima. Ndani yake mna gharama ya mafuta, ada ya kupeleka stima mashambani, ya EPRA, na kodi ya VAT. Soma ule ujumbe wa simu hadi mwisho. Kila kitu kimeandikwa pale.

Habari ya zile namba ndefu za 2024

Mnakumbuka mwisho wa mwaka wa 2024 tulitumiwa namba nyingi za kuingiza kabla ya tokeni? Wengine walisema ni mambo ya shetani. Hapana. Kila tokeni ya namba 20 hubeba ndani yake hesabu ya dakika, na hesabu hiyo ilianza tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuandika dakika hizo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, kama debe linavyojaa maji. Mita za dunia nzima za namna hiyo zilihitaji kuanza hesabu upya. Kazi hiyo ilikuwa bure. Ujumbe ulikuja kwa simu, ukabonyeza mwenyewe, basi. Lakini mimi najua kijana aliyemtoza nyanya mmoja shilingi 500 kwa kumbonyezea. Yule nyanya hakuwa mjinga. Hakuambiwa tu. Ndiyo maana tunakutana hivi.

Mita ikiharibika ufanye nini

Katibu ananionyesha saa. Basi nitawapa mambo machache, na vijana mwandike kwa ajili ya wazee.

1. Ukiona moshi, cheche, au ukisikia harufu ya kuungua, zima swichi kuu kama unaweza kuifikia salama. Ondoa watoto. Usimwage maji.

2. Usifungue kisanduku cha mita wala usimruhusu mtu kukata sili, hata akiwa ni fundi aliyetumwa na mimi. Sili ikikatwa, lawama ni ya aliyeandikwa kwenye mita.

3. Ripoti kwa kampuni siku hiyo hiyo. Namba yao ya simu ya dharura ni 97771, au nenda ofisini. Toa namba ya mita yako. Kwa hivyo iandike mahali pengine, si kwenye mita tu, kwa maana iliyoungua haisomeki.

4. Dai namba ya ripoti, uiandike pamoja na tarehe. Hiyo ndiyo ngao yako. Yule mama angekuwa nayo, hadithi yake ingekuwa fupi.

5. Wafanyakazi wakija, uliza kitambulisho cha kazi. Usimpe mtu pesa mkononi. Malipo halali yanakwenda kwa kampuni yenyewe na yanatoa risiti. "Kitu kidogo" hakina risiti.

6. Usiposaidiwa, andika barua kwa kampuni na ubaki na nakala. Ukikosa jibu la haki, peleka malalamiko kwa EPRA. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 iliiunda EPRA, na pia imeweka mahakama maalumu ya mambo ya kawi kwa wasioridhika. Huhitaji kumjua mkubwa yeyote. Unahitaji karatasi zako.

Neno la mwisho

Zamani nilipokuwa kazini, mita ilikuwa na kile kisahani kinachozunguka, na watu walikuja kwangu usiku wakinong'ona, "Fundi, hebu tusaidie kizunguke polepole." Sitaki kujifanya mtakatifu mbele yenu. Mara moja nilikubali. Alikuwa rafiki, alikuwa na mgonjwa nyumbani, na nilijiambia kampuni ni tajiri. Yule kijana niliyemtuma kwa mjane, wakati huo alikuwa mwanafunzi wangu, na alikuwa ameshika tochi akiniangalia. Sikumfundisha kwa mdomo kwamba sili ni kitu cha kuchezea. Alijifunza kwa macho.

Nimemwita kijana huyo. Tumezungumza. Amerudisha zile elfu tatu, na sasa anasomea apate leseni. Sikumlaumu peke yake, kwa sababu mkono uliokata sili ile kwa kweli ulikuwa wangu.

Kwa hivyo mkifika nyumbani leo, angalieni kile kisanduku. Kina tundu? Zibeni. Sili iko? Iacheni. Namba ya mita mnaijua? Iandikeni nyuma ya kalenda. Mita si yako, lakini usalama wa walio ndani ya nyumba ni wako.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni mambo gani ya stima tunayofanyiana "kwa huruma" ambayo yanaweza kutudhuru?

2. Wenye ploti na wapangaji wanaweza kukubaliana namna gani juu ya mita moja, na ni nani atakayeandika makubaliano hayo?

3. Ni mafundi gani wenye leseni walio karibu nasi? Kikundi kiteue watu wawili wa kuulizia na kuleta majina yao mkutano ujao.